Viti Kumi na Viwili vya Kukhu Nakhungu

Jumapili, 6 Septemba

Daftari hili lilikuwa la hesabu la mjukuu wangu Phelista. Kurasa tano za mbele zimejaa alama nyekundu za kukosa, kwa hivyo nimeanzia ya sita, ambayo bado haijakosewa na mtu. Amesema nikiandika kila siku vidole vitazoea, na simu haitanishinda. Mimi shule sikuingia hata siku moja. Kusoma nilijifunza nikiwa tayari mama wa watoto watatu, kwa kitabu cha nyimbo cha kanisa: wimbo naujua kwa kichwa, kidole kinafuata maneno, polepole nikajua lipi ni lipi.

Leo mwanangu Wekoye amekuja kutoka Kitale baada ya ibada. Anafanya kazi ya serikali huko, ofisi yenye feni. Amekaa hapa hotelini kwangu akatazama viti. Ninavyo kumi na viwili vya plastiki. Kimoja kilikuwa na yeye, kingine kilikuwa na paka.

"Mama," akasema, "tangu wakutoe kando ya barabara, unapikia nani?"

"Napikia wanaokuja."

"Wangapi?"

Nikamwongezea mboga ya mrenda ili anyamaze. Lakini ni kweli. Miaka kumi na tisa nilipika kando ya lami hapa Kamukuywa. Mtu akishuka kwa gari, pua yake inamleta kwangu. Mwezi wa tano barabara ikapanuliwa, vibanda vyote vikatolewa, nikapata chumba huku nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Chumba ni kizuri, kina simiti. Lakini aliye barabarani hanioni, na harufu ya sufuria zangu haiwezi kupenya unga wote ule unaopeperuka.

Wekoye amekata kauli. Mpaka Krismasi, mahindi yakishaingia stoo, kama viti bado vinakaliwa na paka, nafunga hoteli nahamia kwake Kitale. Chumbani ameshaweka kitanda na televisheni. Amesema kwa upole, na hiyo ndiyo inaniuma. Angepayuka ningemfukuza na mwiko, tukamaliza.

Sitaki kwenda kukaa. Nimewaona wamama waliopelekwa mjini kukaa. Wanakaa kweli.


Jumatatu, 7 Septemba

Phelista anarudi chuo Kitale kesho. Ni binti wa Wekoye, lakini kwa ubishi ni wangu. Ameniachia simu yake ya zamani.

"Kukhu," anasema, maana hivyo ndivyo Wabukusu wanavyoita nyanya, "siku hizi mtu akisikia njaa anauliza simu kwanza. Usipokuwa kwa simu, hauko."

"Niko. Nimesimama mbele yako."

"Hauko, Kukhu."

Tumebishana mpaka chai ikapoa.


Jumatano, 9 Septemba

Nimepiga picha kumi na nne. Kumi na tatu ni kidole changu.


Alhamisi, 10 Septemba

Jepkorir ananisaidia kupika tangu siku za barabarani. Ni mwanamke wa huko juu mlima Elgon, haongei ovyo. Leo nimemwonyesha picha ya ugali wangu.

"Mama Wekoye," akasema, "hii mtu atakula na nyundo."

Akachukua sahani akaitoa nje kwenye mwanga, akamega kipande cha ugali akakichovya kwenye mrenda akakiacha pembeni. Sasa picha inaonyesha kuna mtu ameanza kula. Watu huogopa kuanza chakula ambacho mwenzao hajaanza.


Jumamosi, 12 Septemba

Nimefungua ukurasa wa hoteli peke yangu! Kutoka saa nane hadi saa kumi. Simu inauliza jina, inauliza nilizaliwa lini, inauliza kama mimi ni mtu. Nimeiambia ndiyo. Jina la hoteli nimeliandika herufi kwa herufi bila kushikwa mkono. Jepkorir alikuwa ameenda kuteka maji. Aliporudi amenipiga picha nimeinua mwiko juu, nacheka. Phelista amesema kila picha lazima iwe na uso.


Jumapili, 13 Septemba

Mvua saa tisa. Watu sita wananifuata. Kwa lugha ya simu hilo ni jambo zuri.


Jumatano, 16 Septemba

Watu mia tatu na kumi na moja! Wateja wanne tu. Simu ina haraka kuliko miguu, sawa, nitangoja.


Ijumaa, 18 Septemba

Watu wa mtandao wana heshima, sikutegemea. Wanauliza maswali mengi na mimi najibu kila moja, hata kama linanichukua robo saa. Hakuna aliyewahi kuniita hotelini nikanyamaza, kwa nini ninyamaze kwa simu?

Mmoja ameuliza: "Mama, ni kweli unasimama?" Nimejibu: Ndiyo, nasimama tangu saa kumi na moja asubuhi, naketi jioni.

Mwingine: "Unasimama na chama gani?" Nimejibu: Chama cha Akina Mama Kamukuywa, tunakutana kila Alhamisi, mweka hazina ni Rahab.

Mwingine: "Ukiingia utatufanyia nini?" Huyu ameniudhi kidogo, kwani yeye ndiye anayeingia, si mimi. Nimejibu: Ukiingia wewe, utapata maji ya kunawa, kiti, na chakula cha moto. Siahidi kitu ambacho hakiko jikoni.

Kisha kijana mmoja akauliza, "Sera zako ni zipi?" Hilo neno silijui. Nimemwuliza Jepkorir, akafikiri akasema labda ni sahani. Nimejibu: Ninazo za kutosha na zinaoshwa kila jioni.

Hilo la mwisho limesambazwa na watu mia tisa. Wanaandika, "Huyu ndiye!" Wengine wanaweka alama za ngumi. Nimefurahi mpaka nimechoma kunde.


Jumatatu, 21 Septemba

Watu elfu mbili na zaidi. Vijana saba wamekuja na pikipiki wakipiga honi. Nikasema Mungu ametenda. Hawakuketi. Mmoja akasema, "Mama, sisi ni vijana wako. Tuachie kitu kidogo."

"Kitu kidogo ni mandazi. Kitu kikubwa ni ugali. Mnataka kipi?"

"Pesa ya chai, mama."

"Chai ninayo. Pesa mlete nyinyi."

Nimewafukuza na mwiko mpaka kwa mashine ya kusaga. Mmoja alikuwa akipiga picha huku anakimbia. Jioni video iko kila mahali, na chini wameandika kwamba hatimaye amepatikana mama asiyehonga. Sielewi. Tangu lini mwenye hoteli humhonga mteja?


Jumamosi, 26 Septemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Gari jeupe limesimama nje, mlangoni lina uso wa Derrick. Derrick anataka kiti cha wadi, uchaguzi wa mwaka ujao. Namjua tangu akiwa mgongoni. Mama yake alikuwa ananunua maharagwe kwangu. Ameingia na watu wawili wasiovua miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Hotelini kulikuwa na mteja mmoja tu, Muturi, dereva wa lori wa huko Kitale, anayebeba mahindi. Huyo ananitafuta popote nilipo, hata wangenificha chini ya daraja.

"Kukhu," Derrick akasema, "nimekuja tuongee mambo ya kura."

"Karibu. Kuna mrenda na kunde. Na leo ni Jumamosi, kuna kuku."

"Si hiyo. Nasema kura. Unanigawanyia."

"Baba, sahani yako ni yako. Hapa hatugawanyi mpaka mtu aombe."

"Kukhu, usijifanye. Kura za wadi hii zote zilikuwa zangu mpaka ulipotokea."

"Za wadi yote zako peke yako? Si utapasuka tumbo!"

Wale wa miwani wakatazamana. Muturi huko kwa kona amepaliwa na ugali, anapigapiga meza. Akanyoosha mkono. "Shosho," akasema, maana hivyo ndivyo Wakikuyu wanavyoita nyanya, "hebu nione hiyo simu yako." Akasoma, akafuta macho, akasoma tena.

"Shosho, wewe ulitaka kuandika nini hapa juu?"

"Si unaona? Kula kwa Kukhu Nakhungu. Mtu aje ale kwangu."

"Hapa hukuandika ile ya ulimi kulala. Umeandika ile ya ulimi kutetemeka. Umeandika kura, shosho. Kura ya kupiga."

Nikaichukua simu nikaileta karibu na macho. Ni kweli. Juu ya kichwa changu, na mwiko nimeuinua kama mtu anayeapishwa: KURA KWA KUKHU NAKHUNGU. Wiki mbili nzima. Yote niliyojibu yakanirudia moja moja: kusimama, chama, kuingia. Nikasikia joto kutoka shingoni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Nyinyi watu wa Bungoma na hizo herufi zenu!" Muturi akasema.

"Nyamaza. Wewe unayeendesha 'rori' umepata wapi mdomo?"

Jepkorir alitoka jikoni, akaangalia, akarudi jikoni. Nilisikia sufuria zikicheka naye.

Derrick ndiye hakucheka. Alikuwa anafikiri, niliona. Akavuta kiti. "Kukhu, basi tufanye hivi. Usirekebishe. Una watu elfu nne na mia sita hapo. Mimi nimeajiri vijana watatu na sina hata nusu. Weka picha yangu kando ya yako, andika kwamba Kukhu amesema ni Derrick. Mimi mikutano yangu yote mpaka uchaguzi nitaileta hapa. Kila wiki utajaza hivi viti mpaka ukope vingine kanisani."

Sitadanganya kwa daftari langu mwenyewe. Nilifikiria. Nilifikiria kile kitanda cha Kitale, na televisheni, na mimi mbele yake nimekunja mikono. Viti vikijaa kila wiki, Wekoye hana la kusema. Nikamwambia Derrick nitamjibu Jumanne. Akala kuku. Alikula vizuri, hilo nampa.

Jioni nimempigia Phelista. Amepiga kelele mpaka nimeiweka simu mezani. "Kukhu, usiguse jina! Watu elfu nne! Kuna rafiki yangu ana duka la nguo hapa Kitale, ametafuta watu elfu moja mwaka mzima. Ukibadilisha watatoroka wote!"

"Hao elfu nne, wangapi wamekula?"

Akanitajia tena wale elfu nne.

"Watano," nikasema. "Na mmoja ni Derrick."


Jumapili, 27 Septemba

Wekoye amepiga simu kabla ya ibada. Sauti yake ilikuwa ya ofisini.

"Mama, mkubwa wangu aliniita Ijumaa. Mtumishi wa serikali haruhusiwi kuingia siasa, na jina lako limeandikwa kila mahali. Akaniuliza kama mama yangu anasimama."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mama yangu hajawahi kukaa."

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Yeye naye akacheka, na kwa muda kidogo alikuwa yule mtoto wangu aliyekuwa akila ukoko wa ugali mlangoni. Halafu akarudi ofisini. "Mama, malizana na hayo mambo wiki hii. Wakiniandikia barua, mimi sitangoja Krismasi. Nakuja na pikapu."

Nilikuwa nikidhani anaona haya kwa ajili yangu. Leo nimesikia kitu kingine: anaogopa. Kwa kazi yake, ndiyo, lakini pia kwa ajili yangu. Mtoto akiogopa hutaka kukuweka mahali anapokuona.


Jumatatu, 28 Septemba

Nimerudi nyuma kwa daftari hili na kalamu nyekundu, nikimsomea Phelista kwa simu neno kwa neno. Nimesahihisha yote. Pale nilipotaka kusema mahali, nilikuwa nimeandika mahari. Mara tatu! Nimeandika mahari kama mtu mwenye mabinti wa kuoza. Na pale juu niliandika nitaandika mpaka "karamu" iishe. Nimekata neno lote nikaweka wino.

Halafu nimemjibu Derrick siku moja kabla. "Hapana, baba. Watu walioingia kwa mlango wa makosa, siwezi kuwafungia ndani."

"Kukhu, unatupa bahati."

"Naitupa. Wewe ukitaka kuku, Jumamosi iko palepale."

Jepkorir ameshika simu, mimi nimesimama mlangoni. Nimesema hivi, nimeyaandika hapa nisiyasahau:

"Hamjambo. Mimi ni Nakhungu. Herufi moja ilinipoteza, na mimi nikawapoteza nyinyi. Niliandika kura, nilitaka kula. Sitafuti kiti. Viti ninavyo kumi na viwili, hivi hapa, natafuta watu wa kuvikalia. Ukitaka kiongozi tafuta kwingine, na umwangalie vizuri. Ukitaka mrenda niko Kamukuywa, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani. Kijana uliyeniuliza sera, nimeambiwa sasa maana yake. Sera yangu ni hii: nikijua una njaa, hutoki hapa na njaa. Basi."

"Turudie?" Jepkorir akauliza.

"Kwani nimekosea?"

Jina nimelibadilisha kwa kidole changu mwenyewe. Ile ya ulimi kulala.


Jumanne, 29 Septemba

Watu elfu tatu na mia mbili. Jana walikuwa elfu nne na mia saba.


Jumatano, 30 Septemba

Elfu moja na mia tisa. Wengine wanaaga kwa matusi, wananiita mwoga, ati nimenunuliwa. Mmoja tu ameandika vizuri: "Mama nilikuwa nikupigie kura, sasa nitakuja kukula." Nimemjibu: Usinile mimi, kula mrenda.


Alhamisi, 1 Oktoba

Mvua. Paka amepata viti vitatu, hulala kwa zamu.


Jumapili, 4 Oktoba

Mvua. Barua ya Wekoye haikuandikwa. Mkubwa wake aliona video, akacheka, akauliza kama kweli kuna kuku Jumamosi.


Ijumaa, 9 Oktoba

Yule wa "kukula" amekuja! Ni mwalimu kutoka sehemu iitwayo Kwanza, kupita Kitale, mwanamke mnene wa furaha. Ametoka huko mpaka hapa kwa ajili ya saga, ile mboga chungu, aliiona kwa picha. Na saga ilikuwa imeisha saa sita. Amekula kunde kwa adabu, akashukuru, lakini uso wake ulikuwa uso wa saga. Nimesikia uchungu kama mtu aliyedanganya. Sikudanganya, lakini picha yangu ilidanganya.


Jumamosi, 10 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijawasha moto, nimeandika: "Leo hakuna saga. Hakuna samaki. Maziwa lala ni kidogo, usije nayo akilini. Mrenda upo, kunde ipo, kuku yupo mpaka saa nane."

Phelista amepiga mara moja. "Kukhu! Hakuna mtu anatangaza kitu ambacho hana!"

"Ndiyo maana mtu anasafiri kutoka Kwanza kuja kukosa saga."

"Unaharibu biashara."

"Ni biashara yangu, acha niiharibu vizuri."


Jumatatu, 12 Oktoba

"Leo hakuna kunde, mbuzi wa jirani ameila yote shambani. Mwenye mbuzi anajijua."

Mwenye mbuzi amekuja kuomba msamaha, akala, akalipa.


Alhamisi, 15 Oktoba

Wateja tisa. Watatu walisema wamekuja kwa sababu ya "Leo hakuna". Mmoja amesema, "Mtu anayeniambia hana, nikimsikia anasema anacho, naamini." Ni fundi wa magurudumu, lakini anaongea kama mhubiri.


Jumanne, 20 Oktoba

Mvua saa tisa, kama imeitwa. Watu wote wamevuna, na uwanja mbele ya mashine umejaa maturubai ya mahindi yanayoanikwa. Mteja wangu lazima apite kandokando, akiinua miguu kama mbuni. Wingu likija, mimi natoka nje napiga sufuria, na kila anayekula anaacha ugali wake anakimbia kuokota mahindi ya watu. Sikuwauliza kama wanataka. Mahindi yakilowa mwezi huu, mwaka ujao tutakula nini?


Jumatano, 21 Oktoba

Jana Muturi alipiga picha na mimi sikujua. Watu wanne wanabeba turubai kwenye mvua, na yule mwalimu wa Kwanza ameshika pembe kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameinua sahani ya saga juu isinyeshewe. Mimi niko nyuma, mdomo wazi, nawafokea. Ameiweka kwa ukurasa wangu akaandika: "Kwa shosho unalipa na bado unafanya kazi."

Nilitaka kuifuta. Hakuna hata mtu mmoja anayeangalia mbele vizuri. Jepkorir amenishika mkono. "Iache. Hiyo ndiyo sisi."


Jumamosi, 24 Oktoba

Kuku wameisha saa sita na nusu. Watu wameketi kwenye magunia.


Jumanne, 27 Oktoba

Mtu ameandika kwa ukurasa: "Chakula kitamu lakini huyo mama ni mkali sana, alinifokea mbele ya watu." Phelista amenitumia maneno matamu ya kujibu, ati tunashukuru kwa maoni yako. Nimejibu yangu: "Ni kweli nilikufokea. Ulitaka kula bila kunawa mikono. Halafu ulirudia mrenda mara mbili. Rudi tena, sabuni ipo."

Amerudi leo. Akaingia ameinua mikono yote miwili juu, anaonyesha kila meza. Tumecheka sana. Ni kijana mzuri, ametoka Chwele, hana mama.


Alhamisi, 5 Novemba

Leo hakuna la kuandika. Nimechoka vizuri.


Jumamosi, 14 Novemba

Derrick amekuja peke yake, bila wale watu wa miwani. Amekula kuku na baadaye amebaki, akizungusha kikombe.

"Kukhu, ile ya kila asubuhi, ya kusema ambacho huna. Mimi nikiandika yangu, itakuwa na urefu gani?"

"Anza na daftari zima. Tutaongeza."

Akacheka kweli, si kile kicheko cha kwenye gari. Mwezi wa tisa nilimwona mwizi wa watu wangu. Leo nimeona kijana anayeogopa kushindwa. Sitampigia kura bado. Lakini nimempa shingo ya kuku, na hiyo simpi kila mtu.


Jumatano, 18 Novemba

Watu wa Matulo, huko karibu na Webuye, wameniandikia. Wanasafiri tarehe ishirini na sita Desemba kupeleka posa kwa familia moja ya Kitale, watu ishirini na wawili, wanataka kula kwangu wakienda. Wameniona kwa ile picha ya mvua. Mzee wao ameuliza kama ni lazima wabebe turubai. Nimejibu: Ikinyesha, ndiyo.


Jumapili, 29 Novemba

Watu elfu mbili na mia nane wananifuata. Ni wachache kuliko wakati wa kura. Lakini hawa nawajua: huyu hali pilipili, huyu mkewe amejifungua, huyu ana deni langu la kuniletea miche ya mnavu. Nimemwambia Phelista hivyo. Akasema, "Kukhu, rafiki yangu wa duka la nguo anaomba umfundishe."

"Mwambie aanze na ambacho hana."


Jumatano, 9 Desemba

Mahindi ya watu wote yameingia stoo. Uwanja umebaki mtupu na kuku wanaokota punje. Wekoye amesema anakuja Jumapili. Hakusema kufanya nini. Sikuuliza.


Jumamosi, 12 Desemba

Nimefagia mara tatu. Jepkorir amesema, "Mama Wekoye, huyo ni mtoto wako, si daktari wa afya."


Jumapili, 13 Desemba

Amekuja saa saba na pikapu.

Nililiona nikiwa mlangoni, nyuma limefunikwa turubai, na kamba imekunjwa juu. Nikajiambia ni ya vyombo vyangu, nikaendelea kupakua. Leo Jumapili watu wa ibada wamejaa, viti vyote vina watu, wengine wameketi kwenye ukuta wa mashine na sahani mapajani. Wekoye alisimama katikati ya watu na shati lake la ofisini, hakuna aliyemjua. Yule kijana wa Chwele akamwambia, "Mkubwa, unawe kule kwanza, huyu mama atakufokea."

Akaenda akanawa.

Hakukuwa na mahali pa kumweka, kwa hivyo nimempakulia jikoni. Amekula amesimama, Jepkorir akimpitia huku na huku na sufuria. Alitazama kila kitu: mlango, watu, mimi. Nilipoona sahani imekwisha nikasema, maana mimi kungoja siwezi, "Sema basi. Umeleta kamba."

"Kamba ni ya kuni. Nimepitia kwa Mzee Kipketer, yule muuza kuni, kesho anakuletea mzigo mwingine, huu wa leo nimeubeba mimi." Akapangusa mdomo. "Mama, Krismasi utafunga siku ngapi?"

Jepkorir aliacha kukoroga.

Nimezaa watoto watano, nimewasikia wakisema mambo mengi. Mtu hawezi kuuliza utafunga siku ngapi kama hajui utafungua.

"Siku mbili," nikasema. "Tarehe ishirini na nne na ishirini na tano. Ishirini na sita nina watu wa Matulo."

"Basi nakuja kukuchukua ishirini na nne alfajiri, nakurudisha ishirini na tano jioni. Hizo siku mbili Kitale utakaa?"

"Nitakaa. Hata hiyo televisheni nitaiangalia."

Akaenda nje kushusha kuni. Amezipanga vibaya. Nimemfokea mbele ya watu wote mpaka amezipanga upya.